Waandishi, Tuache Kuwacheka Watoto wa Video!



Kuna maneno yanasemwa vijiweni na katika vikao vyetu sisi waandishi chipukizi wa hapa Moshi, nami nimeyachoka. Eti wale vijana wanaojipiga video kwa simu, mtu mmoja akawa baba, akawa mama, akawa na mtoto, wote watatu wamekaa kwenye kochi moja wakigombana, hao si wasanii. Eti ni wahuni waliokosa kazi. Eti wanaua sanaa. Na anayesema hivyo, ukimtazama vizuri, ni mwenzetu mwenye daftari kwapani ambaye riwaya yake ina miaka minne na bado iko sura ya tatu!

Mimi pia ninayo hiyo riwaya. Nimemaliza kidato cha nne, nashinda kwenye steshenari mjini nikiwapigia watu chapa barua za kuomba kazi, na usiku naandika. Kwa hiyo siwatetei hawa vijana kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Nawatetea kwa sababu tunawacheka kwa kosa wasilokuwa nalo, na kosa walilonalo kweli hatulisemi. Hatulisemi kwa sababu ni la kwetu pia.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe inafanyikaje, maana wengi wanaoitukana hawajawahi kuishuhudia. Simu unaifunga kwenye stendi. Huna stendi? Unaiegemeza kwenye tofali juu ya stuli. Ikishakaa haiguswi tena, hata mbuzi akipita. Unaizuia isijirekebishe mwanga yenyewe. Unakaa kushoto, unasema maneno ya baba, na kila mahali ambapo mama atajibu unanyamaza kwa muda wa jibu lake. Kisha unavua koti, unajifunga kanga, unakaa kulia, unaweka waya sikioni usikie ulichosema ukiwa baba, na sasa unajijibu. Baadaye, kwenye programu kama CapCut, unalaza picha moja juu ya nyingine na kuikata kwa mstari wa katikati. Kushoto anabaki baba, kulia anabaki mama. Mkono wa baba ukivuka ule mstari, unatoweka kama umekatwa na panga.

Na macho je? Baba lazima amtazame mama ambaye hayupo. Hapo ndipo mtu mwingine anasimama na ufito uliochomekwa gunzi la hindi, usawa wa macho ya mama, na wewe unaligombeza gunzi kwa uchungu wote. Jaribu siku moja uone kama ni mchezo!

Huku kwetu mlimani kuna maadui wawili zaidi. Adui wa kwanza ni wingu. Jua la Kibosho halina ahadi. Unampiga baba kwenye jua, ukija kwa mama wingu limeshuka, na mume na mke wanaonekana wamekaa nchi mbili tofauti. Adui wa pili ni upepo kwenye migomba. Jani likiyumba juu ya mstari wa kukatia, linavunjika vipande viwili hewani. Wapo wanaotumia kitambaa cha kijani ili programu ikifute na kuweka mandhari mengine. Kijana wa Uru akitundika kitambaa hicho kihambani, kinafutwa kitambaa na migomba inafutwa nayo! Basi inabidi kupiga alfajiri, au siku ya mawingu tupu, au ndani ya nyumba mapazia yamefungwa.

Sasa tuyajibu yale maneno, moja baada ya jingine.

Wanasema: huo ni udanganyifu wa mashine, si kipaji. Jamani! Mashine imeanza lini? Mfaransa Georges Méliès mwaka 1900 alitengeneza filamu fupi, L'Homme-orchestre, akaonekana yeye mwenyewe mara saba kwa mpigo, bendi nzima ya watu saba na wote ni yeye. Alifanya kwa kuurudisha mkanda nyuma ndani ya kamera na kuupiga tena na tena. Mwaka 1921 Buster Keaton wa Marekani alitoa The Playhouse, akawa wanamuziki, akawa watazamaji waume kwa wake, akawa safu ya waimbaji tisa jukwaani. Mpiga picha wake, Elgin Lessley, alikuwa akizungusha kamera kwa mkono, na kila raundi ilibidi azungushe kwa mwendo uleule, la sivyo Keaton mmoja angecheza haraka kuliko mwenzake. Nani atasema Keaton hakuwa na kipaji? Na utani wake ulikuwa nini? Alikuwa anawasuta wakubwa wa filamu wanaojiandika majina yao kwenye kila kazi! Zaidi ya miaka 100 iliyopita ujanja huu ulikuwa tayari unawacheka wanaojiona wao ndio kila kitu.

Na sisi wenyewe tumekulia wapi? Si kwenye mabanda ya video na kanda za kuazima? Nani katika sisi hakumwona Van Damme akiwa pacha wawili kwenye Double Impact ya 1991? Nani hakucheka na Eddie Murphy kwenye Coming to America ya 1988, yuko kwenye kiti cha kinyozi na hapohapo yeye ndiye kinyozi na yeye ndiye mzee anayebishana naye? Mama zetu wanamkumbuka Hema Malini kwenye Seeta Aur Geeta ya 1972, dada mmoja mpole anayeonewa, dada mwingine moto wa kuotea mbali. Hapo tulilipa na kupiga makofi. Leo mtoto wa Pasua akifanya hivyohivyo kwa simu yenye kioo kilichopasuka, tunasema udanganyifu. Kwani tatizo ni ujanja au ni umaskini wake?

Wanasema tena: sanaa ya Kiafrika ni ya pamoja, huyu anayecheza peke yake ameiga ubinafsi wa kizungu. Hapa ndipo nashika kichwa. Mtambaji wa hadithi alikuwa na kikundi? Bibi akisimulia jioni motoni, fisi ni yeye, sungura ni yeye, mfalme ni yeye, na sauti anabadili bila kuhama kigodani. Ebrahim Hussein, ambaye tumemsoma darasani kwa Kinjeketile, alitoa mwaka 1976 Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, na kwenye Ngao ya Jadi aliirudia kwa makusudi sanaa hiyo ya mtambaji mmoja anayebeba hadithi nzima. Lufufu, ambaye sauti yake mabanda ya video nchi nzima yaliifahamu, alikuwa akizitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili peke yake: shujaa yeye, adui yeye, bibi harusi yeye. Joti tumemwona tangu Ze Comedy, mara bibi kizee, mara mtoto mtukutu. Nairobi yupo Flaqo, mama mtu yeye na mtoto mtu yeye. Sasa ubinafsi wa kizungu umeingilia mlango gani?

Halafu hivi mnauliza kwa nini kijana wa Kibosho anacheza peke yake, na hamwangalii nje? Akusanye watu gani? Januari hadi Novemba, pande nyingi za mlimani, vijana wameteremka. Wako Dar, wako Arusha, wako Mwanza kwenye maduka. Waliobaki ni wazee, watoto wa shule na mbwa. Watu wanapanda Desemba, magari yanajaa Himo na Marangu Mtoni, mbege inapikwa, kipaimara kinafuata harusi na harusi inafuata kipaimara, na baada ya mwaka mpya pananyamaza tena. Kijana anayetaka kuonyesha familia ya watu sita mwezi wa tano atawatoa wapi? Na akiwapata mjini, atawalipa nauli ya haisi na chakula kwa kitu gani? Anajifanya watu sita kwa sababu wale sita wameondoka. Mimi naona hiyo peke yake ni habari ya kuandikiwa riwaya, na sisi wenye kalamu hatujaiandika.

Basi hao ndio tunaowacheka. Sasa nigeukie upande wa pili, na hapa watoto wa video nao wakae wasikilize, maana sikuja kuwapaka mafuta.

Kosa lenu, ndugu zangu, si kujizidisha. Kosa lenu ni kwamba mnajizidisha bila kujigawa. Skrini mmeigawa, nafsi mmeiacha nzima. Kushoto ni wewe, kulia ni wewe, katikati ni wewe umevaa wigi la mtumba wa Kiboriloni, na wote watatu wanafikiri sawasawa! Mama ni kanga na sauti ya puani. Anafoka, anarusha kandambili, hana jambo lingine duniani. Demu anapenda hela. Mzee ni mlevi wa mbege. Na Mchaga, ole wake, kila akifungua mdomo ni "mangi" na pesa, kana kwamba mtu wa Rombo na mtu wa Machame wanasema lafudhi moja. Sisi wa hapahapa, tunaojua kwamba ukivuka bonde tu maneno yanabadilika, tunajicheza wenyewe kama watu wasiotujua wanavyotucheza. Mnaiga katuni yetu iliyochorwa mbali, mnatuletea nyumbani.

Angalia mchezo huu unavyokwenda: kuna mmoja mwenye akili, na huyo ndiye kijana mwenyewe bila wigi. Wengine wote wapo ili ashinde. Huo si mjadala wa watu watatu, ni mtu mmoja anayejisifu mbele ya vioo vitatu.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kuwatukana zaidi, kisha nikafungua daftari langu na madaftari ya wenzangu tunayosomeana Jumamosi. Wasomaji, ni yaleyale! Shujaa ni kijana msomi asiye na kazi, ana mawazo, haeleweki. Baba yake ni mkali. Mchumba wake anamwacha kwa tajiri. Mchungaji ni mnafiki, mwenyekiti wa kijiji mla rushwa. Na wote, kuanzia msomi mpaka muuza ndizi wa Mbuyuni, wanasema kwa sentensi za mwandishi, kwa misamiati ya mwandishi. Mtoto wa video angalau anabadilisha koti! Sisi hata koti hatubadilishi, tunaandika tu jina jingine mbele ya nukta mbili.

Ndiyo maana nasema kucheka kwetu ni unafiki. Yeye akishindwa kuwa watu watatu tunamwona, maana sura yake iko palepale. Sisi tunajificha nyuma ya majina.

Sasa mtaniuliza, je, inawezekana kufanya vizuri? Inawezekana, na nimeshuhudia. Kuna kijana wa mlimani, jina lake si la gazetini, alitengeneza mchezo wa dakika 11 wa ndugu watatu na kihamba cha marehemu baba yao. Wote watatu yeye. Mimi nilikuwa mshika gunzi.

Mnajua desturi yetu: mtoto wa kwanza ana sehemu yake, wa mwisho anabaki na nyumba ya baba na mama, na wa kati akatafute mbele ya safari. Sasa ndugu watatu wenye uso mmoja! Hapo ule ujanja wa kukata picha si ujanja tena, ndiyo hoja yenyewe. Macho yaleyale, pua ileile, damu moja, na ardhi si moja. Ungewatafuta waigizaji watatu, hoja hiyo usingeipata.

Lakini mwandiko wake wa kwanza ulikuwa na ugonjwa ninaousema. Huyo wa kati alikuwa mlevi, ameuza ng'ombe, amerudi kudai. Rahisi kabisa. Tukaupiga, tukauunga, tukamwonyesha bibi yake kwenye simu. Bibi akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Huyu wa kati, mjukuu wangu, kosa lake nini hata mkamlewesha?"

Kijana hakujibu. Ieleweke kwamba yeye mwenyewe, maishani, ni kitinda mimba. Kihamba wanachokaa na bibi ni chake kesho. Na kaka yake wa kati yuko Dar, hanywi hata soda. Siku nne hakugusa simu. Siku ya tano akaja steshenari na karatasi mbili alizoziandika upya. Mle ndani yule wa kati hakuwa mlevi. Alikuwa mtu aliyetuma ada ya mdogo wake mpaka kidato cha nne, akanunua bati la nyumba ambayo hatalala, na sasa anaomba kipande cha kuzikwa tu. Na maneno makali kuliko yote katika mchezo, kijana aliyaandika dhidi ya mtu wa nafasi yake mwenyewe. Kisha akavaa koti la kaka yake, akakaa kulia, akayasema akijitazama kushoto.

Huko ndiko kujigawa ninakokuzungumza. Huwezi kukupata kwenye programu.

Tena kuna jambo la mwisho kwenye kazi ile ambalo linawajibu wanaolia juu ya ubinafsi. Wa kati anachukua jani la isale kumpa mdogo wake, maana isale likitolewa kwetu ni kuomba amani, na kulikataa ni jambo zito. Lakini jani linavukaje mstari? Mkono ukifika katikati unakatika! Tulihangaika asubuhi nzima. Mwishowe tukapiga mikono peke yake, kwa karibu: mkono mmoja wa kijana, mkono wa pili ni wangu, na wino wa mashine ya chapa kwenye kucha. Mtu mmoja alitosha kuwa ndugu watatu, ila kupeana amani kulihitaji mtu wa pili.

Dada zangu nao niwaguse. Mbona mnawaachia kaka zenu kanga zenu? Mama wote wa video wamebuniwa na wavulana, ndiyo maana wote wanafoka. Ninajua sababu: msichana akisimama mbele ya simu uani anaulizwa kama hana kazi jikoni, mvulana akifanya hivyo anaitwa mbunifu. Lakini yupo dada mmoja wa Majengo anayecheza mama mkwe, mkwe na wifi, na kwenye michezo yake mama mkwe mara nyingine ana haki. Nilipoona mara ya kwanza nilishtuka, maana sikuwahi kumwona mama mkwe mwenye haki, si kwenye video wala kwenye riwaya zetu. Mpeni simu, mwondoleeni sufuria kwa saa mbili, mtaona mambo.

Basi niwape waandishi wenzangu zoezi, anayetaka achukue. Kabla ya kuandika mazungumzo ya watu wawili, kaa kwenye kiti kimoja useme ya mmoja kwa sauti. Hamia kiti cha pili, umjibu. Ukiona wa kiti cha pili anasema yaleyale kwa namna ileile, au yupo tu ili ashindwe, futa. Ukiona aibu kusikiwa na majirani, basi hujafikia ujasiri wa yule mtoto unayemcheka. Na nyinyi watoto wa video, kabla ya kuvaa wigi jiulizeni swali la yule bibi: huyu kosa lake nini? Mkipata jibu mpigeni. Mkikosa, rudini kwenye karatasi.

Tuna mji wenye mlima ambao dunia nzima inaujia kupiga picha ikirudi makwao. Watu wanaoishi chini ya mlima huo wanaonekana wapi? Kwenye kanda za kipaimara, bibi harusi amewekwa ndani ya kopa, wazee wamepigwa wakitafuna. Sasa kwa mara ya kwanza mtoto wa hapa, bila studio na bila mfadhili, anaweza kuijaza nyumba iliyobaki tupu na watu wake walioondoka. Akiwajaza vikaragosi, tutakuwa tumepoteza. Akiwajaza watu, hata kama wote wana pua moja, sisi wenye madaftari itabidi tukimbie kumfikia.

Nimesema yangu. Anayebisha asiseme kijiweni, aandike hapahapa tumsome. Na akiandika mjadala kati yake na mimi, tafadhali anipe na mimi sentensi nzuri mbili tatu.